Kikombe cha Limao na Mkono wa Revina

Jumanne, tarehe 10 Machi. Ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi, kisha ikaanza mvua nyepesi, ile isiyolowesha udongo ila inalowesha nguo zilizoanikwa. Jua tumeliona mara moja tu, mchana, likajificha tena.

Vijana wa karakana ya Chonyonyo wameniomba niandike jinsi sisi wa kwanza tulivyofanya kazi ya gundi za betri, ili wabandike ukutani wasome wanaoanza. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nina mazoea ya kuandika daftari kila siku, lakini daftari langu halina msomaji, na mtu anayeandika bila msomaji hajui kama anaandika vizuri. Kwa hiyo mkiona nimekosea jambo la kitaalamu, muulizeni Mkemia wetu wa chuoni, msiniulize mimi.

Ombi lenyewe lilikuja kwenye simu, wakiniita Ta kama wazee wanavyoitwa kwetu: "Shikamoo Ta Deo. Tuandikie kazi zenu za zamani, na usisahau kutueleza mkono wa Revina." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Wananiomba habari za kazi yangu, na katika pumzi hiyohiyo wanamtaja mwenzangu. Nikamwonyesha mke wangu, Jeneroza.

"Sasa kinachokuuma ni nini hapo?" akauliza. "Wameanza na jina lako."

Nikachukua kalamu.

Siku ya kwanza sikwenda pale kuajiriwa. Nilikwenda kupiga lipu. Karakana ilikuwa ghala la zamani la kahawa, na Mkuu wa Karakana, mtu wa Muleba, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, alitaka chumba kimoja kisiingize vumbi. Saruji iliishia njiani, nikamalizia ukuta mmoja kwa udongo kama tunavyofanya nyumbani: udongo, kinyesi cha ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa. Wiki mbili baadaye nikarudi kuchukua ngazi yangu, nikamkuta amesimama mbele ya ukuta ule anaupapasa.

"Mzee, ule wa saruji umepasuka," akasema. "Huu wako haujapasuka. Umeweka nini?"

"Majani na kinyesi, waitu, ndugu yangu. Udongo ukinywa maji huvimba, ukikauka hujikunja. Lazima kiwemo kitu cha kuushika wakati unajikunja."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Njoo kesho saa mbili. Hicho ulichosema ndicho tunachotafuta hapa, ila sisi tunakitafuta kwa Kiingereza."

Niwaeleze walichokuwa wanatafuta. Betri ya lithiamu ina karatasi mbili za metali zilizopakwa unga, moja ni upande wa chanya, nyingine upande wa hasi. Ukichaji, lithiamu huhama kutoka chanya ikaingia hasi, ukitumia, inarudi. Upande wa hasi kwa kawaida hupakwa grafiti, jamaa ya ile risasi iliyo ndani ya penseli. Silikoni inabeba lithiamu nyingi kuliko grafiti, tena kwa mbali, lakini ina tabia mbaya. Ikimeza lithiamu huvimba mpaka mara tatu ya ukubwa wake na zaidi, na ikiitema hunywea. Inavimba, inanywea, inavimba, inanywea. Haupiti muda mrefu chembe zimepasuka, zimeachana, zimebanduka kwenye karatasi ya shaba, na betri imekufa.

Kinachozishika chembe zile ni gundi. Wataalamu huiita kiunganishi, nayo ni polima, yaani kitu ambacho molekuli zake ni minyororo mirefu, kama nyuzi za mgomba ukizichana. Gundi ni sehemu ndogo sana ya mchanganyiko, lakini yenyewe ndiyo inaamua betri iishi au ife.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya na kupaka. Unapima silikoni, masizi maalumu ya kupitisha umeme, na gundi. Unakoroga kwenye kikombe kidogo cha kioo mpaka upate rojo jeusi linalotiririka kama uji wa mtoto. Unalimimina juu ya karatasi ya shaba, unavuta kisu cha kupakia, linabaki tabaka jembamba kama unywele. Unakausha polepole. Mwisho unabandika selotepu juu yake na kuibandua. Ikitoka nyeusi, gundi haijashika. Ikitoka safi, imeshika. Karatasi tulizituma chuoni mjini kwa Mkemia, kwa sababu kufunga betri yenyewe kunataka sanduku lisilo na unyevu hata kidogo, na sisi hatukuwa nalo. Yeye alichaji na kumaliza chaji mara nyingi, na kila mara moja ya kwenda na kurudi tuliiita mzunguko. Kisha alitupigia simu kutuambia karatasi imekufa kwenye mzunguko wa ngapi.

Gundi ya kwanza iliyeyushwa kwa dawa yenye harufu ya kuumiza kichwa. Kwa grafiti ilifaa. Kwa silikoni ilikuwa kama mtu anayemshika mwenzake kwa vidole viwili: silikoni ikivimba tu, anaachia. Ya pili ilikuwa gundi ya selulosi, unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji, wa jamii ile inayotiwa hata kwenye dawa ya meno. Hiyo ilishika kidogo zaidi, na hapo nikafanya kosa langu la kwanza, kosa la mpiga lipu. Kwenye ukuta wa udongo, ukizidisha kinyesi hakuna wa kukulaumu. Nikawa naongeza gundi kimyakimya. Selotepu ilitoka safi, nikafurahi peke yangu.

Mkemia akapiga simu. "Nani ameziba njia za umeme? Hiki mlichonitumia ni ukuta, si betri!"

Gundi haipitishi umeme. Ukiizidisha, unaifunika silikoni kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi mpaka puani. Mkuu hakunifokea. Alichukua chaki akaandika kwenye mlango: DEO, HII SI NYUMBA. Maandishi yale yalikaa muda mrefu, na kila mgeni aliyasoma.

Sasa nimefika kwa Revina.

Ma Revina aliajiriwa baada yangu, kupika na kuosha vyombo, vya jikoni na vya kuchanganyia. Ni mzaliwa wa Kibingo, kule Kyerwa, aliolewa Chonyonyo. Naye ni wa darasa la saba. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililoniuma. Mkemia kunizidi, sawa, amesoma. Mkuu kunizidi, sawa, ni Mkuu. Lakini Revina?

Tena alikuwa na mdomo. Akinikuta asubuhi nimeinama juu ya kikombe, aliita toka mlangoni: "Fundi Udongo! Leo unakandika nyumba ya nani?" Watu wakicheka, nami nilicheka, ili ionekane sijali.

Yaliyofuata nitayasimulia kwanza kama nilivyoyasimulia miaka yote, kwenye karakana, kwenye harusi, na nje ya kanisa baada ya ibada.

Siku hiyo nilikuwa nachanganya karatasi namba saba. Nikasikia harufu ya limao. Kikombe hakikusuuzwa. Silikoni yetu ilikuja kwa chupa ndogo na hatukuwa na ya kumwaga, nikapaka hivyohivyo. Kisha nikaenda kwa Mkuu nikasema vyombo havioshwi vizuri. Limao sikulitaja, nilisema vyombo tu. Mkuu hakupenda maneno maneno, akamhamishia Revina kituo chetu cha Kibingo, akafagie na kuangalia taa za majaribio zinazowashwa kwa betri. Mimi nikaletewa mwoshaji mwingine, mpole, asiyejua jina langu la Fundi Udongo.

Haikuchukua muda Mkemia akapiga simu akiwa anahema. "Namba saba! Mmeifanyaje namba saba? Zote zimekufa, yenyewe bado inaenda."

Mkuu akanigeukia. "Ta Deo, umeifanyaje?"

"Kama siku zote, Mkuu," nikasema. "Labda ni mkono tu."

"Basi huu ni mkono wa Deo!" Akaenda mlangoni akafuta ile chaki kwa kiganja chake mwenyewe.

Msimu mzima wa mvua nilitembea na jina hilo. Mkono wa Deo. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu (Jeneroza, hapa usisome). Lakini mkono wa Deo ulikataa kurudia kazi yake. Namba nane ikafa. Namba kumi ikafa. Ya kumi na nne ilikufa haraka kuliko ya kwanza. Mkemia akaanza kusema tuachane na silikoni kabisa, turudi kwenye grafiti kama watu wengine. Mimi nilijua kitu kimoja ambacho namba saba ilikuwa nacho na nyingine hazikuwa nacho. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kusema limao kulikuwa ni kusema Revina.

Siku moja Mkuu akaenda Kibingo kukagua taa. Revina akampa kahawa, naye akawa analalamika kama mtu anavyolalamikia mvua, bila kutegemea jibu. Revina akamuuliza, "Hiyo namba saba mliichanganya kwenye kikombe gani?" Jioni Mkuu akarudi na kapu la malimao. Hakunisalimia.

"Ta Deo. Toa vikombe."

Nikavitoa. Tukapaka maji ya limao, tukachanganya, tukakausha. Selotepu ikatoka safi, bila gundi ya kuzidisha.

Mkemia alikuja mwenyewe kutueleza. Silikoni ikikaa hewani huvaa ngozi nyembamba ya oksidi. Katika uchachu wa kadiri, minyororo ya selulosi hufungamana na ngozi ile kwelikweli, kama kifungo na tundu lake, badala ya kuegemea tu. Silikoni ikivimba, gundi inavutika nayo haiachii. Baadaye tuliacha malimao tukatumia asidi yake iliyopimwa, kwa kuwa limao la kwangu na la jirani hayalingani uchachu. Namna hiyo ya kuchanganya Mkemia akaiita mkono wa Revina, mbele ya watu wote, na mimi nikiwa nimeshika kapu.

Revina akarudishwa, lakini si jikoni. Alifundishwa kupima, na baada ya muda akawa Msimamizi wa Uchanganyaji. Mimi nikapelekwa Igurwa, kwenye chumba cha kukaushia. Kule nilifanya kazi nzuri, acheni niseme. Karatasi nilizianika kama kahawa, kwanza kwenye kivuli, halafu ndipo kwenye joto, maana tabaka likikimbizwa kukauka linachanika. Igurwa nilikuwa na amani kwa sababu hakuna aliyetamka jina lake. Baadaye nikahamishiwa Kibingo, na nani alikuwa amepandishwa kuwa Msimamizi wa Kibingo? Mnamjua.

Kila asubuhi alikoroga, akanisogezea kikombe. "Ta Deo, paka wewe. Mkono wako umetulia kuliko wangu."

Mkono! Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari kwamba Msimamizi ananisimanga. Leo nafikiri huenda alimaanisha alichosema tu. Sijui. Mimi si hakimu mzuri wa Revina. Nilipostaafu mwaka jana alinipa zawadi mbele ya wafanyakazi, kikombe kimoja cha kioo cha zile siku. Nikakiweka juu ya kabati nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Nilikiona ni dharau iliyofungwa kwenye karatasi ya zawadi.

Na kila nilikokaa nilisema maneno yaleyale: "Mtu alisahau kusuuza kikombe, akapewa cheo." Watu walicheka sana. Ni hadithi nzuri, ina mwanzo na mwisho.

Leo asubuhi, kabla sijaandika, nikavuta sanduku la madaftari ya zamani chini ya kitanda. Nilitaka ushahidi. Nilitaka niwaonyeshe vijana, kwa tarehe na kwa mwandiko, kwamba namba saba niliichanganya mimi, kwa mikono yangu, na mwenzangu alisahau tu. Nikaukuta ukurasa wenyewe. Nanukuu kama ulivyo, pamoja na makosa yangu:

"Leo nimechanganya namba saba. Revina kaleta kikombe anasema Ta Deo tumia hiki nimekipaka limao makusudi. Anasema vikombe anavyoosha kwa sabuni, rojo likikauka linabanduka lenyewe kama ganda. Juzi alisugua kimoja kwa limao akasahau kusuuza, rojo lililobaki likang'ang'ania, kasugua kwa mchanga mpaka vidole vinauma. Anasema si mnatafuta kinachoshika? Nimemwambia akaoshe vyombo, kazi ya gundi ina wenyewe. Mvua jioni."

Nimekaa na ukurasa huo mpaka Jeneroza akaja kuuliza kama naumwa.

Hakusahau. Mara moja alisahau, ndiyo, na katika kusahau huko akaona jambo, akalileta kwangu mkononi. Tulikuwa pale watu wenye vyeo, tunatafuta gundi gani inashika, na aliyekuwa anajua ni yule anayesugua. Nani mwingine angejua? Sisi tulikichukua kikombe kikiwa safi na kukiacha kikiwa kichafu. Na yeye hakukaa na ujuzi wake kimya. Alimwambia mtu, na mtu huyo ni mimi, na mimi nikamfukuza, nikamsema kwa Mkuu, nikachukua jina lake msimu mzima. Hayo yote yameandikwa kwa kalamu yangu, na nimelala juu yake miaka.

Nilifikiria kuukunja ukurasa na kuurudisha sandukuni. Nasema kweli, nilifikiria. Wanaojua ni mimi na yeye, na yeye hana daftari. Mkibandika ukutani hadithi yangu ya zamani, wanaoanza wangemcheka kama wenzao walivyomcheka.

Mchana, jua lilipochungulia, nikampigia simu. Bado yuko Kibingo, bado ni Msimamizi.

"Shikamoo Ta Deo! Umepotea, waitu. Unakandika wapi siku hizi?"

"Marahaba, Ma Revina. Nakandika karatasi. Nina kitu cha kukusomea."

Nikamsomea ukurasa wote, mpaka ile mvua ya jioni.

"Kwani ulikuwa umesahau?" akasema. "Mimi miaka yote nilijua unaficha."

"Sijui," nikamwambia. "Naapa sijui kama nilisahau au nilificha."

"Basi waandikie hivyohivyo, kwamba hujui."

"Hukasiriki?"

"Nilikasirika siku ile nafagia Kibingo, Ta Deo. Nilikasirika vizuri sana, ikaisha." Akaanza kucheka. "Halafu kile kikombe nilichokupa unakinywea nini?"

"Hakuna. Kiko juu ya kabati."

"Fundi Udongo wewe! Ndicho kile cha namba saba. Nilikitunza nikupe."

Niliishusha sanamu, nikakishusha kikombe, nikakifuta vumbi. Ni kikombe tu, kina mkwaruzo mmoja ndani ambapo mchanga ulipita. Nilitegemea nikishasema ukweli wivu utaniondoka, lakini bado upo. Sasa namwonea wivu hata kwa jinsi alivyonisamehe, haraka na bila kujitahidi, wakati mimi nimetoka jasho kwa kusoma mistari michache. Nadhani nitazeeka nao. Lakini mbandike ukutani hii, si ile nyingine.

Na ninyi mnaoanza, sina mafundisho mengi. Msizidishe gundi. Msikimbize kukausha. Uchachu upimeni, msionje. Na karatasi ikishindikana, kabla hamjampigia Mkemia, nendeni kwenye karo mkamuulize anayeosha vikombe ni kipi kimemsumbua leo, na akiwajibu mwandike jina lake mbele ya jibu.

Jeneroza amesoma mpaka hapa. Amehesabu nimemtaja Revina mara ngapi na yeye mara ngapi, kisha akaenda jikoni bila kusema idadi. Jioni tumekula ndizi zilizopikwa na maharage na nyanya chungu, zikashika kidogo chini kwa sababu tulikuwa tunabishana kuhusu sanamu ya Bikira Maria irudi wapi. Sufuria nimeisugua mimi.